Kelele za Gervas Juu ya Mkangazi

Nyie mnaokuja kwangu na mikanda yenu ya nailoni na kofia ngumu, mnanipa shikamoo halafu mnauliza, "Babu, zamani mlikuwa mnapandaje?" Marahaba, wanangu. Lakini swali lenu bovu. Kupanda hata nyani anapanda, tena bila mshahara. Niulizeni tulikuwa tunashukaje, na zaidi ya hapo niulizeni tulikuwa tunamshushaje mwenzetu aliyeshindwa kushuka mwenyewe. Hilo nitawaambia, ila msinikatize, maana nikikatizwa napotea, na nikipotea nakasirika.

Nilikuwa na kaka, jina lake Gervas. Alining'inia juu ya mkangazi kando ya barabara ya Mkuyuni, akapiga kelele za kuomba msaada, na watu waliomsikia wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wanaompenda. Basi mkitaka kuelewa imekuwaje, inabidi mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Mimi Dismas ni mtoto wa upande wa Matombo, kwenye vijiji vya misheni. Kazi ya miti niliingia Morogoro mjini, vita vya Hitla vimekwisha juzijuzi tu. Bwana Miti, mzungu mmoja mwenye kaptula pana, alikuwa anataka watu wa kupunguza matawi yaliyolalia mapaa na nyaya za simu. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa mjini, mswalihina, mwembamba, ulimi mkali. Siku ya kwanza akanionyesha mvule, akasema, "Panda." Nikapanda bwana, kwa mbwembwe zote za mtoto wa milimani, mpaka kileleni. Akasema, "Haya, shuka." Nikatazama chini. Weee! Miguu ikagoma. Mzee akanitazama kidogo, akaenda zake kuswali adhuhuri, akarudi taratibu anapangusa maji usoni, ndipo akaanza kunielekeza mguu mmoja mmoja. Nilipofika chini akaniambia, "Hiyo nusu uliyokuja nayo kutoka kwenu ni nusu ya kijinga. Sasa tuanze kazi."

Kamba zetu zilikuwa za katani ya hapahapa. Nyie hamjui adha ya katani. Kamba mpya ni kaidi, haikunjiki, inachubua kiuno. Tulikuwa tunailoweka, tunaivuta baina ya miti miwili, tunaiacha jua liishughulikie. Kila asubuhi unaipitisha mkononi yote, na pale unapotia shaka unazisokotoa nyuzi uone ndani. Ukiona unga unga, hiyo kamba kafungie mbuzi. Na katani ikilowa inavimba, fundo linakaza hata meno hayalifungui. Upande ule wa Mkuyuni ukungu hauishi, kwa hiyo mafundo yetu yalikuwa yanatutesa mwaka mzima.

Siku moja tulikuwa Kilakala, niko juu ya mwembe, nikaingiza mkono kwenye majani yaliyojishona. Maji moto! Wale siafu wekundu wa miembe, mnawajua? Waliniingia kila mahali, na wengine wakaingia pale ambapo mwanamume hawezi kuvumilia. Sikufikiri mara mbili. Nikavua kaptula nikaitupa. Akina mama wanatoka sokoni na matenga yao kichwani, wakasimama barabarani wote, hata haya hawakuona. Aliyekuwa chini ananishikia kamba ni Salehe. Badala ya kunisaidia akaichomeka kaptula yangu kwenye kijiti, akaanza kuzunguka nayo barabarani anaimba kama mwenye bendera. "Nani anaitaka? Mwenyewe hana haja nayo tena!" Nilikaa juu kule nimejifunika na majani mpaka nikaahidi kumpa kuku.

Na sikuweza kukasirika, kwa sababu Salehe alikuwa mtani wangu. Nyie wa mjini siku hizi mnadhani utani ni mzaha tu. Kwetu Uluguru ni sheria. Lukolo lake na lukolo letu, yaani ukoo wake na ukoo wetu tulioupata kwa mama zetu, ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani anaingia jikoni kwako anafunua chungu. Anakutukana mbele ya mkweo, unacheka. Na ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia kaburi, na msibani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha, watu wapumue. Salehe alikuwa Mwislamu wa bondeni, sisi Wakristo wa huku juu, hilo halikuwa na neno.

Sasa Gervas. Mama yake na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo kwetu huyo ni kaka, hakuna binamu hapo. Alikuwa mpandaji kuliko sisi sote. Mpole wa mikono, hata shoka lake lilikuwa halina kelele. Mdomo ndio uliokuwa na kelele. Yeye na Salehe walikuwa wakianza asubuhi. "Ala, hujafa bado?" "Nakungoja wewe utangulie." Jua likipanda na njaa ikimuuma, Gervas anapiga ukelele huko juu, "Jamani nakufa! Mtani wangu, nakufa, nisaidie!" Na Salehe chini anajibu, "Kufa basi, nile wali!" Wali wa matanga, ndio anaosema. Wapita njia wanacheka, sisi tunacheka, Mzee Kibwana ambaye hakutaka mchezo na kamba alikuwa anageuka upande ili tusimwone meno. Kazi ilikuwa inakwenda hivyo, na siku zilikuwa fupi.

Mwaka wa mkasa huo watu wa milimani walikuwa wanavutana na serikali juu ya matuta waliyolazimishwa kulima, magari ya wakubwa yanapanda na kushuka, na sisi tukapelekwa barabara ya Mkuyuni kuondoa matawi yaliyoinamia njia. Palikuwa na mkangazi mmoja mkubwa kwenye kona. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, kamba zimelowa. Gervas akapanda. Salehe akabaki chini na mwisho wa kamba, akaufunga kwenye mzizi kama tulivyokuwa tunafanya wote siku zile. Mimi na Mzee Kibwana tukateremka darajani, mti ulikuwa umeanguka pale na lori letu lisingepita. Kwa hiyo haya nitakayosema sasa niliambiwa na Salehe mwenyewe, na akina mama waliokuwa wanapalilia mahindi chini ya barabara.

Tawi alilikata vizuri, kwanza kwa chini halafu kwa juu, kama ipasavyo. Lakini ndani lilikuwa limeoza, na kwa nje huwezi kujua. Badala ya kukatika likachanika, likarudi kwa nguvu, likampiga mbavuni. Mguu ukamtoka. Akabaki ananing'inia kwa kamba ya kiunoni, kifudifudi, ndani ya majani, hana pa kukanyaga.

Akaita, "Salehe! Mtani, nakufa!"

Salehe amekaa juu ya mzizi anasokota tumbaku. Hata hakuinua uso. "Kufa basi, nile wali!"

Akina mama wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Na sisi tutakuja, usituache!"

"Kweli, Salehe. Nakufa kweli. Niteremshe."

"Hata jana ulikufa kweli, na mihogo ukala."

Wakacheka tena. Wanangu, nimefikiri miaka mingi, angesema nini kingine? Nisaidie alishaisema. Nakufa alishaisema. Kweli alishaisema, kila siku ya Mungu. Maneno yote ambayo mtu anayatumia kuomba msaada walikuwa wameyachezea, halikubaki hata moja la siku ya shida.

Aliendelea kuita, sauti inapungua. Salehe anajibu, anamtukania wajomba zake, anamwambia atoe wosia, shoka amwachie yeye. Halafu mama mmoja mtu mzima akasimamisha jembe, akasema, "Mbona harudishi matusi?"

Hapo ndipo Salehe alipotazama juu. Tumbaku ikamwagika. Akavamia fundo la mzizini, katani imelowa, halifunguki. Akaruka kwenye shina, akapanda kwa kucha, naye hakuwa mpandaji, akafika kwenye panda ya kwanza akakwama pale analia jina la mwenzake. Mmoja wa wale akina mama akatukimbilia darajani.

Tulipofika nilipanda sijui kwa miguu gani. Nikamkuta kaka yangu uso una rangi ya majivu, midomo imekauka, lakini anapumua. Kamba imemuingia tumboni. Nikashika fundo. Jiwe. Nikatoa kisu, na Mzee Kibwana akanguruma kutoka chini, "Usikate! Wallahi ukikata umemwua! Mwinue kwanza!"

Sikuwa nimefundishwa. Hakuna aliyekuwa amefundishwa. Sote tulikuwa tunajua kupanda na kushuka, lakini kumshusha mtu hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunajua. Mzee akawa anatunga njia kule chini, mimi nafuata huku juu. Nikaitupa kamba yangu juu ya tawi zima lililo juu yetu, nikampitishia chini ya makwapa, nikamwangushia Salehe, aliyekwisha teremka kutoka kwenye panda, ncha ya pili. Salehe na akina mama wakavuta. Walewale waliokuwa wanacheka, wakavuta huku wanalia, mpaka kamba yake ya zamani ikalegea. Ndipo nikakata. Wakaanza kulegeza kidogo kidogo, nami nashuka sambamba naye, mkono wangu mmoja kichwani kwake asijigonge kwenye shina. Nilikuwa namwambia, "Tunafika, kaka, tunafika." Nikaamini kabisa tumempata.

Tukamlaza. Salehe akakaa chini akampakata kichwa. Gervas akafumbua macho, akamtambua. Akasema, "Haya, mtani. Kale wali."

Mti wa darajani ulipoondolewa na lori likaanza kupanda kona kutufuata, alikuwa ameshatutoka.

Sijui mpaka leo kama alikuwa anamtania au anamlaumu. Uso wake haukuonyesha. Nimewauliza mapadri, nimewauliza wazee, kila mtu ananiambia lile analodhani litanifaa. Niliumia, na nikisema niliumia nimesema kidogo.

Sasa sikilizeni upande wa kazi, maana ndio uliowaleta. Mtu anayening'inia bila pa kukanyaga hana muda. Miguu inakufa ganzi, damu inateremka, kichwa kinakuwa chepesi, anazima. Hata kama hajaumia popote. Kwa hiyo wa kwanza kufika ampe kitanzi cha kukanyagia, asukume miguu, hata akilalamika. Mwinue kabla hujamshusha. Usiguse fundo lenye uzito. Zungumza naye, mwambie akutajie majina ya wajomba zake, na akianza kuyakosea harakisha. Na ncha ya kamba haifungwi kwenye mzizi ukaenda kuvuta tumbaku. Mkono wa mshika kamba unakaa kwenye kamba, kwa sababu kamba haijui utani, ikishtuka imeshtuka.

Mzee Kibwana alitufundisha hayo yote baada ya Gervas, kwa kutuning'iniza. Kila Jumamosi mmoja wetu anapanda, anajilegeza kama maiti, wengine wanamshusha. Mimi nilijigonga kisogo mara nyingi. Mtu mmoja mnene tuliyekuwa naye alitushinda kabisa, tukamwacha katikati kama mzinga wa nyuki mpaka tukapata kamba ya tatu, na alitulaani kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Na Mzee akapiga marufuku utani kuanzia mguu unapoacha ardhi mpaka unapoirudia. Hapo wazee wa koo zetu walikasirika. "Huyu mtu wa mjini ni nani hata atuondolee utani?" Waliongea, waliongea, mwishowe mjomba wangu mmoja akasema, "Mwacheni. Huko juu si kwetu." Yakaisha.

Na aliyekuwa hodari kuliko sote katika kushusha watu alikuwa Salehe. Aliacha kukaa chini. Alijifunza kupanda akiwa mtu mzima mwenye watoto, na baadaye nilimwona kwa macho yangu anawateremsha watu walio hai, wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Mtaniuliza aliwezaje hata kurudi kazini. Basi sina budi kuwaambia habari za maziko, ingawa nilikuwa nimeazimia kunyamaza.

Tulimzika Gervas kijijini kwetu, juu, kwenye migomba ya mama yake. Mama yake huyo ni mama mkubwa wangu, Mama Koleta. Watani walikuja, wakachimba kaburi. Lakini walichimba kimya. Kila mmoja alikuwa anamngoja Salehe, kwa sababu yeye ndiye mtani hasa wa marehemu, na Salehe alikuwa amesimama mbali kwenye migomba, kofia yake ya kitambaa ameikamata mikononi. Kula hakula. Wali ulipopita aligeuza uso.

Sasa nyie hamwezi kujua kimya kile kilikuwa na maana gani. Msiba bila utani ni msiba wa watu waliogombana. Wajomba walikuwa wameanza kutazamana. Kama Salehe asingetania, maana yake amekubali kwamba ameua, na kama sisi tusingemtaka atanie, maana yake tumemhesabu muuaji. Koo mbili zilikuwa zinavunjika pale, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Katekista anafunuafunua kitabu chake cha sala, hajui aanze au angoje.

Mama Koleta akasimama. Macho yamevimba, sauti imekauka. Akasema, "Mtani wa mwanangu yuko wapi? Mbona mnanizikia mtoto kimya kama mwizi? Salehe, njoo ufanye kazi yako."

Salehe akaja. Watu wakampisha. Akafika ukingoni, akalitazama kaburi, akatazama jeneza. Akaruka ndani. Akalala chali, mikono kifuani, akafumba mdomo.

Jamani, ule uchangamfu! Watu waliachia pumzi. Hilo ndilo tendo la watani, la siku zote. Mtani anaingia kaburini, hatoki mpaka wafiwa wamlipe. "Huyo Salehe!" "Anataka kuku!" "Mpeni jogoo, atuachie nafasi!" Mjomba wangu akainama, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, akamwambia, "Haya mtani, taja shida yako."

Salehe akasema, "Nifukieni."

Wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. "Nifukieni mimi kwanza," akasema tena, "yeye mrudisheni nyumbani." Wakacheka zaidi. Katekista akafunika mdomo na kitabu. Kijana mmoja wa kwetu akachota udongo kiganjani, akamrushia kwa mchezo, na udongo ule ukamwangukia Salehe usoni.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kichwani. Niliona udongo unamwingia machoni. Hakufumba. Hakupangusa. Alikuwa ameyatoa macho, anangoja mwingine.

Nikatazama kushoto na kulia kama kuna mwingine aliyeona, na wote walikuwa wanacheka, isipokuwa mtu mmoja. Mama Koleta alikuwa amepiga magoti ukingoni, kanga yake imeburuzika kwenye matope, anamtazama usoni.

Nikashuka. Kaburi ni jembamba, hamna pa kuweka miguu, ikabidi nimkanyage pembeni kidogo. Nikamwambia, "Mtani, amka." Mwili ulikuwa mzito wote, kama wa mtu aliyekwisha kujiachia. Nikamwambia tena, "Salehe, mimi Dismas. Amka." Akatikisa kichwa tu, udongo unamtiririka na machozi.

Mama Koleta akainama mpaka mikono yake ikamfikia. Hakupaza sauti. Akamwambia, "Mmoja ananitosha, Salehe. Toka, mwanangu."

Ndipo akalia. Akalia kwa sauti kubwa, akanishika shingo kwa mikono miwili. Nikampitishia mikono chini ya makwapa nikamwinua, na huko juu mikono ya watu ikashuka kumpokea, ya wajomba, ya watani, na walikuwa bado wanacheka tulipokuwa tunampandisha.